Hoteli Isiyo na Baridi

Jumatatu, 1 Julai 1968

Nimejikwaa kwenye sanduku. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba.

Sanduku ni la Nyanchama, mke wangu. Ni lile la bati, rangi ya buluu, alilokuja nalo siku ya harusi. Limefungwa kamba na kuwekwa mlangoni kabisa. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema yeye haendi popote, sanduku ndilo linalokwenda. Linakwenda Mombasa mwezi ujao. Kilichobaki, akasema, ni baba Bitutu, yaani mimi, kuamua kama atalibeba au litapanda treni na mwenye sanduku tu.

Akarudi kusonga ugali. Aliusonga kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

Maelezo kwa ajili ya kumbukumbu. Tulioana Agosti 1958. Siku hiyo nilisimama mbele ya kanisa zima nikaahidi kumpeleka bibi harusi Mombasa akaione ile Ngome ya kale na mitaa yake. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari na maneno yalikuwa yakinijia yenyewe. Basi: 1959, mtoto. 1960, mtoto. 1961, mafuriko. 1963, Uhuru. 1964, nilipandishwa cheo. 1965, sikupandishwa cheo. Miaka mingine sikuandika sababu, lakini zilikuwepo.

Sasa ni mwaka wa kumi. Nyanchama ana dada yake, Bosibori, anayekaa Changamwe, na anaweza kwenda kwake bila mimi. Jambo hilo kanisa zima litaliona. Mimi siwezi kulala kwa Bosibori, kwa sababu mama mkwe yuko huko tangu Machi, analea mjukuu mchanga. Kwetu Kisii mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Afadhali alale mtoni.

Kwa hiyo inatakiwa hoteli. Iwe ya hadhi. Iwe karibu na Ngome. Iwe ya bei ambayo karani anaweza kuitaja bila kukohoa.

Sina wasiwasi. Mimi ni karani wa mizani katika shamba la chai hapa Kericho. Natandaza majani mezani, nakagua, nakataa. Majani mawili na chipukizi, basi. Kwa miaka tisa hakuna jani kuukuu lililopita mbele ya macho yangu. Hoteli itanishindaje?

Jumatano, 3 Julai

Baridi kali. Jana mvua ya mawe ilipiga saa nane, wachumaji wakakimbia na vikapu vichwani. Leo nimepima kilo huku nimevaa soksi mikononi.

Nimetunga Fomu. Maswali sita, kila swali alama kumi:

Je, kila chumba kina meko ya kuni? Kitanda kina blanketi ngapi? Madirisha yanafungika sawasawa? Maji ya moto yapo? Kutoka mlangoni hadi Ngome ni hatua ngapi? Bei?

Swali la kwanza ndilo kubwa. Hadhi ya hoteli naijua kwa macho yangu. Mwaka juzi meneja alinituma na bahasha katika ile hoteli kubwa ya mjini. Nilisimama sebuleni dakika mbili. Kulikuwa na meko pana kama mlango wa ghala, magogo yakiwaka, na Wazungu wawili wamenyoosha miguu wakisoma gazeti. Siku hiyo nikaelewa hadhi ni nini. Hadhi ni moto ambao hukuuwasha wewe.

Mtu anaweza kusema Mombasa kuna joto. Najua. Jiografia nilipata sitini na mbili. Lakini jiografia ni habari za mchana. Hakuna mwalimu aliyewahi kutufundisha usiku wa Mombasa. Tena hii ni Agosti. Nchi ni moja, serikali moja, Agosti moja.

Nimechukua anwani tatu kutoka kitabu cha simu cha ofisi. Katika kila barua nimetaja kwamba tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Huruma hupunguza bei.

Jumamosi, 6 Julai

Sabato. Sikupaswa kuandika habari za hoteli, kwa hiyo naandika habari za blanketi.

Tukitoka kanisani nilimsomea Nyanchama Fomu, nikitarajia sifa. Alisimama njiani. Akauliza meko ya nini. Akasema Bosibori analala na leso moja tu na bado anaitupa. Nikamweleza polepole kwamba Bosibori analala na leso moja kwa sababu mumewe ni kibarua wa reli, na blanketi ni ghali. Akasema shemeji ana blanketi mbili, ziko juu ya kabati tangu mwaka wa sitini na nne, kuku ametagia ndani.

Nikamwambia hilo linaonyesha tu kwamba hawajui kutunza vitu.

Alitangulia mbele kwa hatua ndefu mpaka nyumbani. Naona ameridhika.

Jumanne, 9 Julai

Balaa. Kipkemoi amesikia.

Kipkemoi ni karani wa stoo na ni jirani yangu. Ukuta wetu ni mmoja, na ni wa mbao. Ananizidi miaka miwili lakini huniita boiyot, yaani mzee. Hucheka kabla hajaambiwa kitu cha kuchekesha. Mwaka jana alishinda tuzo ya bustani bora ya makarani kwa kabichi zilizoota pale ambapo mbolea yangu huteremka na mvua. Nimeandika hilo mahali pengine, kurasa tatu.

Asubuhi alinijia mizanini, mbele ya wachumaji. Akasema habari za Mombasa amezipata ukutani, na amemwambia Chepkosgei, mkewe, nao watakwenda wiki hiyo hiyo. Wana miaka minne tu katika ndoa! Kisha akanishika bega. Akasema: boiyot, wewe ni mtu wa fomu, tuchagulie na sisi. Hoteli utakayonipa nitaingia nimefumba macho.

Wachumaji wakapiga makofi. Mmoja wao, Mama Nyanchoka, akasema Ongeri, ndiye mimi, akikagua hata hoteli itaona haya.

Nikatabasamu. Nilipima mfuko wa pili mara mbili kwa hasira.

Miaka kumi nimengoja kuwa mtu wa kwanza wa nyumba hizi kupeleka mke Mombasa. Sasa nitafika sawa naye. Haiwezekani.

Jumanne, 16 Julai

Jibu la kwanza. Karatasi inang'aa, picha ya jengo refu jipya, bwawa la kuogelea. Nilipoona bei nilidhani ni namba ya simu.

Jani kuukuu. Nimelitupa.

Alhamisi, 18 Julai

Jibu la pili, kutoka Hoteli Roshani, Mji wa Kale.

Mwanzo ulinipendeza. Nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, milango ya kuchongwa, kila chumba na roshani yake ya mbao. Kutoka mlangoni hadi Ngome ni hatua mia moja na kumi. Meneja ametembea mwenyewe akihesabu. Mtu wa namna hiyo namheshimu. Shilingi kumi na nane, pamoja na chai na mahamri. Na kwa ajili ya miaka yetu kumi ametuwekea chumba namba sita, roshani inayotazama Ngome, na ataweka maua mezani siku tutakayofika, bila malipo.

Kisha akaanza kuharibu. Amesema Fomu ameisoma mara tatu, akawaita na wenzake wakaisoma. Meko hawana. Blanketi hawana, wana shuka moja. Madirisha hayafungwi kabisa, hulala wazi ili upepo wa bahari upite chumbani usiku kucha. Na juu ya kitanda kuna feni.

Feni! Mwezi wa Agosti! Upepo wa bahari hauwatoshi, wameleta na mwingine wa umeme!

Meko, sifuri. Blanketi, sifuri. Madirisha, sifuri. Inasikitisha, kwa sababu mtu anahesabu vizuri.

Jumatatu, 22 Julai

Nimeipata!

Hoteli Neema. Barua fupi, penseli, karatasi imetoboka kwa mafuta. Mwenye hoteli ameandika kwa mkono wake. Kwanza ameuliza kama mimi ni mgonjwa. Kisha amejibu swali kwa swali, kama mwanamume. Meko ya kila chumba hana, lakini chini ya hoteli yuko mwokaji mikate, na chumba namba nne kiko juu kabisa ya tanuri. Ukuta wake huwa na moto saa ishirini na nne. Madirisha yanafungika, mawili yamepigiliwa misumari tangu 1961 na hayajafunguka hadi leo. Maji ya bomba hutoka moto hata mgeni asipotaka. Tangu afungue hoteli, ameandika na kupiga mstari chini yake, hakuna mgeni aliyelalamika baridi.

Shilingi kumi na nne.

Tanuri! Wazungu wa Kericho wana meko upande mmoja tu wa chumba. Mimi nitakuwa nayo chini yote. Na harufu ya mkate!

Nimetandaza barua mbili mezani, nikajumlisha. Roshani, ishirini na tatu. Neema, hamsini na tisa. Alama moja nimeitoa kwa sababu ya penseli.

Jumanne, 23 Julai

Mpango ulinijia nikiwa chooni, ambako mipango yangu mingi huanzia.

Kipkemoi anataka hoteli. Mimi ninayo moja nisiyoitaka. Atalala na Chepkosgei wake mbele ya madirisha yasiyofungwa, juu yao feni, katikati shuka moja. Asubuhi meno yatagongana hadi Ngome isikie. Na mimi nitapita chini barabarani, nimeota moto, nikimpungia mkono.

Sikumdanganya. Nilimkabidhi barua yenyewe ya Roshani kwa mkono wangu. Nilimwambia hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Aliuliza mimi nitakaa wapi. Nikasema mahali pa kawaida tu, nisingependa kumnyima jirani. Hapo nilitazama chini kidogo.

Aliuliza abebe blanketi ngapi. Nikasema asibebe hata moja, asije akawatukana wenye hoteli.

Kisha, kwa kuwa mwandiko wake ni kama kuku kwenye majivu, nilimwandikia meneja wa Roshani kwa niaba yake. Mstari mmoja, safi: mgeni sasa ni Bwana Kipkemoi, badilisheni jina tu, mengine yote yabaki kama mlivyopanga.

Napenda barua fupi.

Ijumaa, 26 Julai

Chepkosgei ameleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, na jogoo mwekundu, asante ya hoteli. Kipkemoi amewaambia watu wote wa stoo kwamba boiyot amejinyima ili jirani apate. Karani mkuu amenipa mkono. Nyanchama alinitazama muda mrefu, kisha akaniongezea nyama. Ilikuwa nyama ya yule jogoo.

Nilihisi kitu kifuani. Nimekipima. Ni kidogo, hakifiki ratili.

Sanduku limesogezwa hatua moja kutoka mlangoni. Naona dalili njema.

Jumapili, 4 Agosti

Tunaondoka. Bitutu na mdogo wake wako kwa Phelis, mke wa mnyapara. Nyanchama amebeba lile sanduku la bati. Ndani kuna magauni matatu na viatu vyeupe. Mimi nimebeba gunia lenye blanketi nne, sweta tatu, kofia ya sufu na chupa ya mpira ya maji moto niliyoazima zahanati.

Nyanchama aliuliza kama tunahamia mlimani. Nilikaza kamba ya gunia. Mtu aliyejiandaa hana haja ya kujibu.

Kipkemoi ana kifuko kimoja kidogo, na shati la mikono mifupi. Masikini.

Jumanne, 6 Agosti

Tumefika asubuhi. Steshenini wachukuzi watatu waliniuliza blanketi nauza bei gani.

Kuna joto. Naandika ukweli. Lakini ni mchana.

Tuliagana na Kipkemoi mbele ya Ngome. Yeye akapinda kushoto, sisi kulia, hatua mia nne na sabini, uchochoroni. Mwenye hoteli alikuja kutulaki akiwa amevaa kikoi peke yake. Alilitazama gunia langu, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule wa ile Fomu. Nikasema ndiye. Akaita watu wawili kutoka jikoni waje wanione.

Chumba namba nne. Nimeweka mkono ukutani. Nimeutoa.

Nyanchama aliketi kitandani. Akainuka. Akaenda dirishani, akalisukuma. Nikamkumbusha habari ya misumari. Akafungua bomba anawe uso, akaruka. Akanigeukia, akaniuliza hii ndiyo ile ya alama hamsini na tisa. Nikasema ndiyo, na kwamba jioni ikifika atanishukuru.

Akaniomba basi nimletee hata kipande cha mkate, maana harufu inamuua. Nikashuka. Mwokaji akasema mkate wote huenda madukani, wageni hawauziwi.

Jumatano, 7 Agosti

Naandika nimekaa ngazini, ambako kuna nafuu.

Jioni ilifika. Hakunishukuru. Kumbe mwokaji huwasha tanuri upya magharibi. Chupa ya mpira, ambayo sikuitia maji, ilipata moto yenyewe.

Nyanchama alifunga sanduku. Akasema anakwenda kulala kwa Bosibori, kwenye sakafu ya saruji, na leso moja. Nikasema na mimi je? Akasema: baba Bitutu, kule yuko mama yangu, na wewe ni mkwe mwenye heshima zako, pole sana. Akanitakia usiku mwema wa Agosti.

Nilibaki na chumba kizima. Godoro lilikuwa halikaliki, nikashuka sakafuni. Sakafu ilikuwa mbaya zaidi. Hapo ndipo akili ilinijia: nilizikunja blanketi zote nne, moja juu ya nyingine, nikalala juu yake, zikauzuia moto usipande. Kwa hiyo sikukosea kuzibeba.

Asubuhi mwenye hoteli aliuliza kama nililala vizuri. Nikamwambia sina malalamiko ya baridi. Alifurahi mno. Alikwenda kuwaambia watu.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya kuliko zote za mwaka. Naiandika kwa mpangilio.

Saa nne nilikwenda kuiona Ngome peke yangu. Ukuta mnene sana, wa mawe, umevumilia mengi. Nilitoka nikasikia sauti kutoka juu, mtaa mzima ukageuka: Boiyot! Boiyot, panda!

Kipkemoi, juu ya roshani. Amevaa kikoi kipya. Nikangoja kuona akitetemeka. Hakutetemeka. Alikuwa na glasi ya maji ya ndimu.

Nikapanda. Milango imechongwa maua hadi juu. Upepo unapita chumbani kama mtu mwenye adabu, hausukumi kitu. Nikaona watu wanne mezani: Kipkemoi, Chepkosgei, na wageni wao wa chai, Bosibori na mke wangu. Nyanchama amevaa viatu vyeupe. Mbele yao sahani ya mahamri, na katikati ya meza chombo cha maua, asumini na waridi.

Kipkemoi alinikumbatia. Akasema tangu azaliwe hajalala vile. Akasema anajua nilikuwa na hoteli hii mkononi nikampa yeye, na ndugu wa tumbo moja asingefanya hivyo. Aliyasema mbele ya Nyanchama. Nilijaribu kukohoa ili asisikike.

Kisha Chepkosgei akacheka. Akasema watu wa hapa ni wazuri lakini hesabu haziwaingii. Siku walipofika walikuta maua haya na kadi: hongera kwa miaka kumi ya ndoa. Miaka kumi! Wao wana minne. Walimwambia meneja amekosea, meneja akasema hakosei, aliandikiwa, na mengine yote yabaki kama yalivyopangwa.

Bosibori naye akacheka. Nyanchama hakucheka. Nyanchama alikuwa anahesabu. Niliona vidole vyake chini ya meza.

Akamwomba Kipkemoi, kwa sauti ya kanisani, kama ile barua ya hoteli anayo. Kipkemoi akaitoa kwa furaha. Nyanchama akasoma jina langu juu. Akasoma chumba namba sita, roshani inayotazama Ngome. Akasoma maua, akasoma na feni na madirisha yasiyofungwa. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akamrudishia mwenyewe. Akasema meneja anaandika vizuri.

Nikaitazama Ngome. Ningependa kuwa ndani yake, mlango ukiwa umefungwa.

Tukiwa ngazini tukishuka, aliongea. Akasema hasira yake si ya joto. Joto mtu hukosea. Akasema: nimengoja miaka kumi, maua yangu yakaja, yakafika mezani, na wewe ukampa mke wa jirani kwa sababu ulitaka mumewe apate mafua. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema si mafua hasa, ni kutetemeka tu.

Hapo nilipaswa kunyamaza.

Akasema: umempa mwenzangu roshani, mimi umenipa tanuri, na hata mkate sikuonja. Kisha akapanda tena juu. Nilimwona kutoka barabarani akichomoa waridi moja na kumwomba Chepkosgei ruhusa. Chepkosgei akampa chombo kizima.

Jumatatu, 12 Agosti

Nyumbani. Mvua ya mawe saa nane kamili. Sijawahi kuipenda hivyo.

Katika treni Nyanchama alikaa na Chepkosgei behewa lingine. Mimi nilikaa na blanketi. Siku zilizobaki alikuwa akilala kwa Bosibori na kushinda roshani, mgeni wa jirani yangu, akiitazama Ngome. Anasema ni nzuri sana kutoka juu. Mimi namba nne nimekaa siku zote nilizolipia. Mtu akishalipa, amelipa.

Leo jioni aliniambia hukumu. Safari hii haihesabiwi. Ahadi ya 1958 bado iko pale pale. Akasema yeye na Chepkosgei wameshamwandikia meneja wa Roshani, kwa mkono wa Nyanchama mwenyewe, chumba namba sita, Agosti mwakani. Ameandika mtu mmoja. Wa pili, ameweka alama ya kuuliza.

Nikauliza alama ya kuuliza inategemea nini. Akasema inategemea mtu huyo amejifunza nini kufikia hapo. Hakufungua sanduku. Amelirudisha mlangoni. Safari hii kilichovimba ni kidole gumba cha kushoto.

Waridi limekauka. Yeye hakulitupa, amelitia ndani ya Biblia yake. Sikujua la kuandika kuhusu hilo, kwa hiyo naacha nafasi.

Ijumaa, 30 Agosti

Jambo la ajabu. Nimekuwa mtu mashuhuri.

Kipkemoi amewaeleza watu wote, kutoka kiwandani hadi Kimulot, kwamba kuchagua hoteli hakuna anayeniweza. Fundi wa boila amekuja kuuliza habari za Kisumu. Mwalimu Kiplangat ameuliza habari za Nakuru. Kila mtu anataka kuona Fomu. Mizanini nilimsikia Mama Nyanchoka akiwaambia wenzake kwamba Ongeri alilala tanurini kwa upendo wa jirani, kama wale vijana watatu wa Biblia.

Nyanchama alikuwepo. Alinitazama aone nitasema nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli mbele ya watu wote.

Nikasema ni kawaida yangu tu.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekaa kitako, nimejichunguza kama majani mezani. Mtu mwenye elimu hukubali kosa. Kosa langu limepatikana, nami naliandika wazi: sikuiamini jiografia.

Halitarudiwa. Nataka ile alama ya kuuliza ifutwe kabla ya Agosti, na njia ni moja: safari ya ghafla, Krismasi hii, aone nimebadilika. Nimechagua Nanyuki. Kitabu kiko wazi mbele yangu. Nanyuki iko juu ya mstari wa Ikweta, mstari unapita mjini kabisa, na Ikweta, ukurasa wa kumi na moja, ndipo jua lilipo kali kuliko mahali popote duniani. Kama Mombasa ilikuwa vile na Ikweta haipiti hata karibu, Nanyuki itakuwaje! Karani mmoja anasema kuna mlima wenye theluji karibu. Nimemwambia theluji ni habari za mlimani, sisi tutalala mjini.

Fomu mpya niliituma katikati ya Agosti: feni ngapi kwa kila chumba? Je, madirisha hulala wazi? Shuka ni nyepesi? Maji ni baridi? Kutoka mlangoni hadi Ikweta ni hatua ngapi? Bei? Blanketi nne nimeziuza kwa fundi wa boila.

Majibu mawili yamefika leo. Hoteli ya kwanza ni safi kabisa: madirisha hayana vioo tangu mwaka jana, blanketi hawana, na maji, wanasema, mgeni atayahisi hadi kwenye mifupa. Hamsini na nane! Hiyo ni ya Nyanchama wangu. Nimeagiza na maua. Safari hii yataandikwa jina lake.

Ya pili ni aibu tupu. Haina hata feni moja. Kila chumba kina meko, magogo huwaka usiku kucha, na kila kitanda kina blanketi nne za sufu. Kwenye Ikweta!

Hiyo nitampa Kipkemoi. Ataiva.